Vishikwambi vya Mama Jembe Vilipolala Ugenini

"Hivi wewe, mwaka wa saba huu unauza vishikwambi, mbona mwenyewe huna hata kimoja?"

Swali hilo alilitoa jirani yake, muuza vifungo, asubuhi moja walipokuwa wakifagia mbele ya maduka yao. Hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa, huku akilisukuma vumbi lake taratibu kuelekea upande usiokuwa wake. Mama Jembe aliegemea ufagio, akacheka kidogo, akajibu, "Mfinyanzi hulia gaeni, jirani."

"Huyo mfinyanzi ana lake jambo," alisema muuza vifungo, na vumbi likavuka mpaka.

Mama Jembe alilirudisha vumbi. Swali, hata hivyo, halikurudi lilikotoka. Lilimkaa kooni siku nzima kama mwiba wa samaki, maana jibu alikuwa nalo, ila hakutaka kulitoa.

Jina la Mama Jembe hakupewa na wazazi wake, alipewa na wateja. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye upana wa vitanda viwili, na bidhaa yake ilikuwa vishikwambi vya bei nafuu, vile vya plastiki, vinene kidogo, ambavyo ukivigusa hufikiri kwanza kabla ya kukujibu, kama mtu mwenye adabu. Watu waliviogopa. Walisema rahisi ni ghali, na kwamba kitu kama hicho kitakufa kabla hakijafika nyumbani. Basi yeye akaanzisha utaratibu wake. Mteja akisitasita, alimwambia, "Usinunue. Kichukue kikae kwako kama mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ukikipa kazi ikakishinda, kirudishe, nami nitakupokea kwa uso ule ule."

Na rehani yake ilikuwa kiatu kimoja. Si pesa, si kitambulisho, ila kiatu kimoja cha mguu wowote, mradi kiwe cha jozi ambayo mwenyewe anaipenda. "Kiatu kimoja hakivaliki wala hakiuziki," alieleza. "Wewe utarudi, na mimi sitapata kishawishi." Chini ya meza yake hapakukosekana viatu vinne vitano vya upande mmoja, vimepangwa kama vinasubiri wenzao mahakamani.

Jambo lingine lililomtambulisha ni jogoo. Kila kishikwambi kipya kilipofika, alikichaji hadi kijae, akakipapasa pembe zote kwa kidole gumba, kisha akakifungulia sauti ya jogoo aliyoirekodi miaka mingi nyuma. Kikiwika vizuri, kinaingia rafuni. Kikikoroma, kinarudi kwa msambazaji. Watu walidhani ni mbwembwe za biashara. Muuza vifungo alikuwa akipaza sauti kutoka kwake, "Jirani, leo umeamsha majogoo wangapi?" Naye hujibu, "Wanane, na mmoja ana mafua."

Upande wa pili wa barabara, duka kwa duka, yakitazamana kama watu waliokosana, palikuwa na duka la mkwe wake.

Huyu alimwoa binti yake wa pekee, na kwa kuwa duka lake lote lilikuwa kioo, mlango kioo, kaunta kioo, hata rafu kioo, watu walimwita Bwana Kioo. Yeye aliuza vishikwambi vya bei ya juu tu. Vyembamba kama kisu, mgongo wa chuma kinachong'aa, skrini angavu kama asubuhi baada ya mvua. Mlinzi alikufungulia mlango, hewa baridi ikakupokea, na mara unajikuta unanong'ona kama uko zahanati. Kule hakukuwa na ugeni wa siku tatu. Kule ulitazama, ukavuta pumzi, ukalipa au ukatoka.

Bwana Kioo hakuwa kijana mbaya. Alimheshimu sana mama mkwe wake, kiasi kwamba hakuthubutu kubishana naye uso kwa uso. Utani wake wote aliupitisha kwa mkewe, hata wote watatu wakiwa meza moja.

"Mke wangu," alisema siku moja wakila chakula cha mchana nyumbani kwake, "mwambie mama zama za plastiki zimepita."

"Mwambie mumeo nimesikia," alisema Mama Jembe, "na amsaidie mama kumsogezea chumvi."

Chumvi ikasogezwa.

"Mwambie pia kishikwambi changu kikichajiwa leo, kesho kutwa bado kipo macho. Vyake vinasinzia saa sita mchana," aliendelea mkwe.

"Mwambie cha kwake kikivunjika kioo, kinapanda ndege kwenda kutibiwa, mwenyewe anabaki miezi miwili akikiombea. Changu kioo chake kipo kwenye droo, namtengenezea mtu amesimama."

Binti aliweka kijiko chini. "Mimi si simu, ongeeni wenyewe. Ila, Mama, na mimi nina langu. Miguu inakuvimba. Unakaa kwenye kile chumba tangu asubuhi. Kwa nini usipumzike, ukae hapa na wajukuu zako? Duka si ndoa, kusema huwezi kuliacha."

Mama Jembe aliificha miguu yake chini ya meza. Alijua binti yake anasema kwa mapenzi, na mapenzi ndiyo magumu kuyajibu. Angependa Mungu ampe sababu moja iliyo wazi ya kubaki, nje ya hiyo kwamba asubuhi asipofungua mlango ule hajui mikono yake aiweke wapi.

Sababu ilikuja, tena kwa miguu yake. Wiki hiyo Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya barabara alivuka kutoka dukani kwa Bwana Kioo na kuingia kwake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kalamu mbili nyweleni na ya tatu akiitafuta. Wazazi walikuwa wamechanga kwa ajili ya darasa la tatu, watoto ishirini na saba. Kwa mchango ule angepata vishikwambi thelathini vya Mama Jembe, au vinane vya mkwe wake.

"Vinane vizuri au thelathini vya hivi hivi," alisema Mwalimu. "Usinielewe vibaya, mama."

"Nimekuelewa vizuri," alisema Mama Jembe. "Usinunue. Chukua viwili vyangu na viwili vya kule, vikae kwako siku tatu. Acha kiatu."

Mwalimu alitazama miguu yake, akacheka, akaacha kiatu cheusi cha kulia na kurudi shuleni kwa kandambili za kuazima kwa muuza vifungo.

Habari zilipofika kwa binti, ndipo likafungwa neno. Bwana Kioo alisema, kupitia mkewe, kwamba yuko tayari, ingawa vishikwambi vyake havijawahi kulala nje. Na Mama Jembe, kwa kuchoka kuambiwa apumzike, akasema jambo ambalo hakulipima: "Mwambie mumeo, shule ikichukua vyake, nafunga duka, nakuja kukaa na wajukuu. Ikichukua vyangu, msiniambie tena habari ya kupumzika, na yeye atanipa kitu nitakachokitaka."

"Kitu gani?" aliuliza binti.

"Nitakisema nikishinda."

Siku ya kwanza ilipita bila habari. Siku ya pili, wakati wa mapumziko, Mama Jembe alijitanda kanga, akaenda kuwajulia hali wageni wake. Hakuwa amelala vizuri. Alikuta viwili vyake vinafanya kazi kama punda wa mnadani. Kimoja pembe yake imefungwa gundi ya karatasi, kingine kina alama za wino na vidole ishirini. Watoto walikuwa wakigombania zamu ya hesabu. Kilipokawia kujibu, mtoto mmoja alikiambia kwa upole, "Fikiria tu, hatuna haraka."

Lakini kundi kubwa lilikuwa limevizunguka vile vya Bwana Kioo. Watoto walikuwa kimya, vinywa wazi. Mama Jembe alisogea. Skrinini ua jekundu lilikuwa likichanua polepole. Likaja tone la maji. Likaja poromoko la maji na ndege wa rangi saba. Kisha ua jekundu tena.

"Vya mkwe wako ni vizuri ajabu," alinong'ona Mwalimu Mkuu. "Ila somo lake ni moja. Tangu jana asubuhi ni maua. Nikifungua hesabu, kinakubali, halafu nikigeuka tu kuandika ubaoni, maua. Darasa la pili limekuja kuomba kutazama. Mimi nilidhani ndiyo sayansi."

Mama Jembe alielewa papo hapo. Vile havikuwa vya kuuzwa. Vilikuwa vile vinavyosimama kwenye kibao cha maonyesho dukani, vilivyofungiwa tangazo, ambavyo ukiviacha dakika moja vinarudi kujitangaza. Mkwe wake hakutaka kufungua maboksi mapya, maana boksi likishafunguliwa bei yake inaanguka, basi akatoa vya kibaoni. Na kwa kuwa dukani kwake mtu hugusa, hushangaa na kuondoka, hakuna aliyewahi kukaa navyo zaidi ya dakika moja. Mwenyewe alisahau kuwa havina kazi nyingine.

"Sihitaji siku ya tatu," Mwalimu aliendelea. "Watoto wangu hawawezi kufanya mtihani wa maua. Kesho nakuandikia barua, mama. Vyako."

Ushindi huo, mkononi kabisa. Mama Jembe aliaga. Akafika lango la shule, akafika kona, akafika dukani, akakaa kwenye kigoda chake. Akawasha kishikwambi kimoja ili asikie jogoo. Jogoo akawika, naye hakufurahi.

"Mungu wangu," alisema polepole, akitazama viatu chini ya meza, "umenipa nilichokuomba, sasa mbona unanichoma nacho?"

Alikaa hapo mpaka muuza vifungo akachungulia. "Jirani, umemeza nini?"

"Kitu kisicho changu."

"Kiteme basi, au kitakukaba."

Ndipo alipoinuka, akavuka barabara. Mlinzi alimfungulia mlango wa kioo. Kwa jinsi sakafu ile ilivyong'aa, Mama Jembe alivua ndala zake na kuzishika mkononi.

"Mama, hapa hatuvui," alisema mlinzi.

"Nyinyi hamvui."

Bwana Kioo alitoka nyuma ya kaunta, akainama kumwamkia. Alitazama kushoto na kulia akimtafuta mkewe wa kupitishia maneno. Hakuwapo.

"Leo utaongea na mimi mwenyewe, mwanangu," alisema Mama Jembe. "Vishikwambi ulivyopeleka shule ni vile vya kibaoni. Siku mbili watoto wanatazama maua."

Bwana Kioo aligeuka kutazama kibao cha maonyesho. Palikuwa na vishikilio viwili vitupu. Alijishika kichwa. "Maua, mama?"

"Na ndege mmoja wa rangi saba. Darasa la pili wako tayari kulipa kiingilio."

Alijaribu kujizuia, ikashindikana. Akacheka mpaka akaegemea kioo chake mwenyewe na kuacha alama ya kiganja, kitu ambacho wafanyakazi wake walikatazwa. Kisha kicheko kikamwisha ghafla, akamtazama mama mkwe wake kama ndiyo kwanza anamwona.

"Lakini, mama, ungenyamaza tu. Kesho ungekuwa umeshinda."

"Najua."

"Na ukishindwa unafunga. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema, na mdomo ni wangu. Mgeni akipelekwa amefungwa mikono, siku ya tatu utampaje jembe? Fungua maboksi, mwanangu. Wapelekee vya kweli, na umwombe Mwalimu asogeze siku moja mbele. Mimi naona aibu kumwomba siku nyingine."

Maboksi yakafunguliwa. Bwana Kioo alifunga macho gundi ilipochanika, kama mtu anayechomwa sindano.

Siku ya kupewa jembe wote wawili walikuwapo, wameketi nyuma ya darasa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kifuani. Viwili vipya vya Bwana Kioo viliitikia kabla ya kuitwa. Hesabu, picha, sauti, kila kitu kilipita kama maji kwenye bomba jipya. Mama Jembe aliona, na hakujidanganya. Hata hivyo aliona na jambo jingine. Kila mtoto aliyekabidhiwa kimoja kati ya vile, Mwalimu alimfuta kwanza mikono kwa kitambaa. Alimwambia akae sawa. Alimsimamia kichwani. Wakati wa mapumziko alivifungia kabatini, akatembea na ufunguo. Kimoja kilipoteleza kidogo kwenye dawati, darasa zima lilikata pumzi, pamoja na Bwana Kioo. Cha Mama Jembe kilianguka chini kabisa, pu. Mtoto akakiokota, akakipuliza, akaendelea na hesabu yake ya kutoa.

Ilipofika saa sita mchana, viwili vyake vikazima, kimoja baada ya kingine, kama wazee kwenye hotuba ndefu. Vya mkwe vilikuwa macho makavu.

"Mwambie mama," Bwana Kioo alianza kunong'ona, kisha akakumbuka mkewe hayupo.

Lakini Mama Jembe hakuwa akivitazama vishikwambi tena. Alikuwa akimtazama msichana mmoja wa dawati la mbele. Siku ile ya pili alimwona akiwa ameinama juu ya kishikwambi cha plastiki, pua inagusa skrini, akifuata mstari kwa kidole gumba, na alipokosa alimuuliza mwenzake kwa hila, asijulikane. Mama Jembe aliijua hila ile vizuri sana. Sasa mtoto yule alikuwa na cha Bwana Kioo. Herufi zilikuwa kubwa na nyeusi, mwanga umetulia, na mgongo wa mtoto ulikuwa umenyooka. Alikuwa akisoma kwa sauti, bila kumuuliza mtu.

Masomo yalipokwisha, watoto wakaondoka, Mama Jembe alikiokota kishikwambi kile kutoka dawatini. Alikishika kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda. Midomo yake ilisogea kidogo, mstari baada ya mstari. Kisha akakirudisha mahali pake, akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akasema vumbi la chaki.

"Haya," alisema Mwalimu Mkuu, akichomoa kalamu nyweleni. "Vizuri vya kweli nimeviona. Ila nikinunua vinane, nitakuwa mlinzi wa kabati, si mwalimu. Na watoto watashika zamu mpaka wamalize shule. Vyako, mama, vinazima saa sita."

"Vinazima," alisema Mama Jembe. "Sitakuficha. Ila saa sita ni mapumziko ya chakula, vichajiwe wakila. Na kuna jambo moja, Mwalimu. Usichukue thelathini. Chukua vyangu ishirini na sita, na kimoja cha mkwe wangu, umpe yule msichana wa mbele. Kisha mwite mama yake, waende wakapimwe macho."

Mwalimu alipiga hesabu kwa kalamu kwenye kiganja, akakuta mchango unatosha na watoto ishirini na saba wametosheka. Akamtazama Mama Jembe. "Umejuaje habari ya macho?"

"Mimi ni mtu mzima," alisema Mama Jembe. Mwalimu akamfuata mpaka dukani kuchukua kiatu chake.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, ukazuka ubishi barabarani. Muuza vifungo alishika upande wa jirani yake, mlinzi upande wa bosi wake. Mlinzi alisema shule imechukua cha Bwana Kioo, na neno lilikuwa "ikichukua", hawakusema vingapi. Muuza vifungo alisema ishirini na sita kwa kimoja si ushindi tena, ni msiba, amletee mtu kitambaa afute machozi. Binti aliitwa kuamua. Alimtazama mumewe, akamtazama mama yake aliyekuwa akipanga vishikwambi rafuni kwa kuvipapasa, kimoja kimoja, akavuta pumzi.

"Mama ameshinda," alisema. "Habari ya kupumzika siisemi tena. Ila miguu uiweke juu ya kigoda, hiyo si kupumzika, hiyo ni kukaa vizuri."

"Hilo nalikubali," alisema mama yake.

Bwana Kioo alivuka barabara peke yake. Alisitasita mlangoni pa chumba kile chenye upana wa vitanda viwili, mahali ambapo kwa miaka yote hakuwahi kuingia kama mteja. Muuza vifungo alikuwa tayari ameleta ufagio, akifagia mahali palipokwisha kufagiwa, ili asikie.

"Mama," alisema, moja kwa moja, bila kumpitia mtu. "Neno ni neno. Ulisema ukishinda nitakupa unachotaka. Nimekuja kusikia."

 Mama Jembe alilitazama rundo la maboksi, akaitazama barabara, akamtazama jirani yake na ule ufagio, na kwa mara ya kwanza swali lake la mbona huna hata kimoja halikumchoma. Aliinama, akavua ndala yake ya kulia, ile anayoipenda, yenye ushanga wa buluu, akaifuta kwa kanga na kuiweka juu ya meza mbele ya mkwe wake.

"Naomba kimoja cha kwako, mwanangu, chenye herufi kubwa. Herufi za vyangu macho haya hayazioni. Kikae kwangu siku tatu, nisome maandiko kwa macho yangu mwenyewe. Kiatu ndicho hiki."